Zoezi Lilikuwaje? Historia ya Swali Moja Uwanjani

Leo nataka tutoke zahanati twende uwanjani. Wazazi na walimu wa michezo wamekuwa wakituuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mtoto wangu anacheza kandanda, goti linamuuma, na siku hizi amekuwa mzito, asubuhi haamki mpaka avutwe blanketi. Je, huu ni uvivu, ni kukua, au ni ugonjwa?

Nitajibu, lakini kwa kuzunguka kidogo, maana jibu lenyewe lina historia ndefu, na historia hiyo ina faida kwa mtu asiye na fedha za kununua mashine.

Kwanza niseme langu. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa beki wa kulia wa timu ya shule. Chini ya goti la kushoto pakaota kinundu kigumu, kikiguswa nusura nilie. Mashindano ya wilaya yakaja, nikacheza mechi nne kwa siku nne, na kila usiku nilichuliwa kwa mafuta ya kupasha joto hadi ngozi ikababuka. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kila asubuhi, "Utacheza?" Nami nikajibu, "Nitacheza, mwalimu." Hakuna aliyeniuliza swali lingine. Kinundu hicho ninacho mpaka leo. Hakinisumbui, ila nikipiga magoti shambani kupanda miche hunikumbusha ile wiki.

Baadaye, nilipoanza kusomea kazi hii ya afya, niligundua kwamba kinundu changu kilikuwa kimeandikwa vitabuni miaka mingi kabla sijazaliwa. Mwaka 1903, daktari Robert Osgood wa Boston, Marekani, na daktari Carl Schlatter wa Zürich, Uswisi, kila mmoja kwa upande wake alieleza maumivu hayo ya chini ya goti kwa vijana. Ndiyo maana hospitalini huitwa kwa majina yao wawili. Mwaka 1912 daktari mwingine wa Boston, James Sever, akaeleza maumivu ya kisigino kwa watoto, nayo yakapewa jina lake.

Maumivu hayo yote mawili yana asili moja. Mfupa wa mtoto haujakomaa. Mahali ambapo kano kubwa ya msuli wa paja inajishikiza kwenye muundi, chini ya goti, bado kuna gegedu laini. Kadhalika kule kisiginoni, mahali panaposhikwa na kano ya nyuma ya mguu. Kila mtoto anapokimbia, anaporuka, anapopiga shuti, kano hiyo huvuta. Ikivuta mara mia, si neno. Ikivuta maelfu ya mara kila wiki bila mapumziko, mahali pale panachubuka, panavimba na kuuma. Hakuna siku ambayo mtoto anaweza kusema, "Nilianguka hapa nikaumia." Kwa sababu hiyo watu wazima humshuku kwamba anajifanya.

Tena mtoto hakui kwa mwendo mmoja. Hili nalo lilijulikana zamani. Bwana mmoja wa Ufaransa, Philibert Guéneau de Montbeillard, alianza mwaka 1759 kumpima mwanawe urefu, akaendelea tangu mtoto alipozaliwa hadi alipofika miaka 18, mwaka 1777. Rafiki yake Buffon, mwanazuoni wa elimu ya viumbe, akavichapisha vipimo hivyo. Wataalamu wa ukuaji wameviheshimu mpaka leo, kwa sababu vilionyesha wazi kwamba mtoto hukua haraka sana utotoni, kisha polepole, halafu wakati wa kubaleghe anachomoka ghafla kama mhindi uliopata mvua, ndipo anatulia. Kwa wavulana wengi mchomoko huo huwa karibu na miaka 14, kwa wasichana karibu na 12. Mfupa unarefuka haraka, msuli na kano hazijaufuata, na mtoto hata namna ya kukimbia inampotea. Huko Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wachezaji chipukizi wa kandanda ulionyesha kwamba majeraha ya ghafla yaliongezeka katika mwaka ule wa mchomoko kuliko mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mzazi aliyechora mstari wa urefu wa mtoto kwenye fremu ya mlango, na kuuangalia kila baada ya miezi mitatu, ana habari ambayo kocha angeihitaji sana.

Basi, tumeona mwili. Sasa tuje kwenye kazi. Utajuaje kwamba kazi uliyompa mtoto uwanjani ni nyingi au ni kidogo?

Watu wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa makini walitumia mpigo wa moyo. Katika miaka ya 1930 huko Freiburg, Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler na daktari Hans Reindell waliwakimbiza wanariadha masafa mafupi mafupi, wakiwapumzisha katikati. Mpigo ukipanda hadi kama 180 kwa dakika, mwanariadha husubiri ushuke hadi 120 ndipo aanze tena. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1939. Baadaye kule Ufini ikatengenezwa mikanda ya kifuani inayopeleka mpigo hadi kwenye saa ya mkononi bila waya, na kufikia miaka ya 1980 saa hizo zilikuwa zinauzwa madukani.

Kandanda ilichelewa kidogo. Mchezaji wa kandanda hakimbii mfululizo. Anatembea, anachomoka, anasimama, anaruka, anarudi kinyumenyume. Mwaka 1976 watafiti Tom Reilly na Vaughan Thomas wa Liverpool walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa macho wachezaji wa ligi kuu ya Uingereza, mtazamaji akisema kwenye kinasa sauti kila mwendo anaouona. Walipata wastani wa mita 8,680 hivi kwa mechi moja, na viungo wa kati wakiwazidi wengine. Wengi walishangaa. Lakini umbali peke yake haumwambii kocha jambo analolihitaji zaidi: je, umbali ule umemchosha nani, na kwa kiasi gani? Wachezaji wawili watakimbia kilomita nane zilezile, mmoja akaenda nyumbani akiimba, mwingine akalala na viatu.

Hapa ndipo anapoingia mtu ninayempenda sana katika habari hii, Gunnar Borg wa Uswidi, aliyezaliwa 1927 na kufariki 2020. Borg hakuwa daktari wa moyo wala kocha. Alikuwa mwanasaikolojia. Aliwapandisha watu baiskeli isiyokwenda popote, akawaongezea uzito wa kukanyaga, na badala ya kuwapima tu, akawauliza: unaionaje kazi hii? Tasnifu yake juu ya jambo hilo ilitoka mwaka 1962. Akatengeneza kipimo cha tarakimu kuanzia 6 hadi 20. Mtu atauliza, mbona 6 hadi 20? Ni kwa sababu moyo wa mtu mzima mwenye afya hupiga kama mara 60 kwa dakika akipumzika, na kijana anayejikamua hadi mwisho hukaribia 200. Chukua tarakimu aliyoitaja, zidisha kwa 10, unapata makadirio ya mpigo wake. Mwaka 1982 Borg akatoa kipimo kingine chepesi zaidi, cha 0 hadi 10.

Wapo waliocheka. Walisema hisia si sayansi. Lakini wanadamu, wakiulizwa vizuri, walitaja tarakimu zilizopanda na kushuka pamoja na mpigo wa moyo wao.

Mmarekani Carl Foster wa Wisconsin akalichukua wazo hilo katika miaka ya 1990 na kulifanya liwe la uwanjani. Yeye hakuuliza katikati ya zoezi. Alisubiri kama dakika 30 baada ya zoezi kwisha, ili jibu lisitawaliwe na mbio za mwisho tu, kisha akauliza: zoezi lilikuwaje? Mwanamichezo anajibu kwa tarakimu: 0 ni kupumzika, 2 ni rahisi, 3 ni wastani, 5 ni ngumu, 7 ni ngumu sana, na 10 ndiyo mwisho wa nguvu zake. Tarakimu hiyo unaizidisha kwa dakika za zoezi. Basi. Hakuna kingine.

Tuchukue mfano, na mwenye kalamu aandike. Kijana wa miaka 14 Jumatatu amefanya mazoezi dakika 60, akasema 3. Hiyo ni 180. Jumanne dakika 90, akasema 5: ni 450. Alhamisi dakika 90, akasema 6: ni 540. Jumamosi mechi ya dakika 70, akasema 8: ni 560. Jumla ya wiki ni 1,730. Wiki inayofuata kuna mashindano. Jumatatu na Jumanne ni kama kawaida, halafu mechi nne siku nne mfululizo, kila moja 560. Jumla inakuwa 2,870. Kazi imeongezeka kwa thuluthi mbili hivi ndani ya siku saba, na mwalimu hajaona kitu isipokuwa kwamba "vijana wamelegea kwenye nusu fainali."

Foster aliona jambo jingine ambalo mimi hulirudia kila ninapopata nafasi. Mwaka 1994 watafiti wa Uholanzi walichapisha habari za farasi wa mbio waliofunzwa siku moja ngumu na siku moja nyepesi. Siku ngumu zilipoongezwa ugumu, farasi walistahimili. Siku nyepesi zilipofanywa nazo kuwa ngumu, ndipo wakaanza kuharibika. Foster akalichukua hilo na kuwaangalia wanamichezo wake. Katika makala ya mwaka 1998 alieleza kwamba ubaya hauko katika wingi wa kazi tu. Uko pia katika kufanana kwa siku. Mtu anayefanya kazi ya kadiri kila siku bila siku nyepesi huugua kwa urahisi zaidi, mafua yasiyokwisha na mengineyo. Na alipolinganisha mipango ya makocha na majibu ya wanariadha, ilionekana kwamba siku ambayo kocha aliikusudia iwe nyepesi, mwanariadha aliifanya nzito.

Je, njia hiyo inawafaa wachezaji wa kandanda walio vijana? Franco Impellizzeri na wenzake huko Italia walijaribu, wakachapisha mwaka 2004. Waliwafuatilia wachezaji chipukizi 19, wa umri wa miaka 17 hivi, kwa wiki 7, wakilinganisha jibu la mdomo na mikanda ya mpigo wa moyo. Vilikubaliana kwa kiasi cha kutosha, kwa wengine vizuri zaidi kuliko wengine. Kwa watoto wadogo ambao tarakimu zinawachanganya, watafiti wa Pittsburgh walikuwa wametoa mwaka 2000 kipimo chenye picha za mtoto anayepanda mlima kwa baiskeli, chini akitabasamu, juu akiwa hoi. Mtoto anaonyesha kwa kidole.

Tarakimu ya zoezi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hali ya mtoto kabla hajagusa mpira. Mwaka 1995 Sue Hooper na Laurel Mackinnon wa Australia, wakiwachunguza waogeleaji, waliona kwamba maswali machache yaliweza kumtambua mwanamichezo anayeelekea kuchakaa: umelala vipi, umechoka kiasi gani, misuli inauma kiasi gani, una mawazo kiasi gani? Kila moja hujibiwa kwa tarakimu 1 hadi 7. Ukitazama maswali hayo utaona ni yale ambayo nyanya yako angekuuliza asubuhi ukipita kwake.

Na Uholanzi tena, mwaka 2010, Michel Brink na wenzake walichapisha habari za wachezaji chipukizi 53 wenye miaka 15 hadi 18. Mzigo wa mazoezi ulihusiana na majeraha na pia na magonjwa. Lakini misongo ya maisha, yaani shule, nyumbani, marafiki, na kukosa kupumzika vizuri, navyo vilihusiana na magonjwa. Uchunguzi wao mwingine, wa mwaka 2014, ulionyesha lile la Foster kwa vijana wa kandanda: kocha anafikiri amewapa kazi nyepesi, wao wanaihisi nzito.

Nisiwafiche kwamba sayansi hii imepata na makosa yake. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa imeenea sana hesabu moja ya kugawanya mzigo wa wiki hii kwa wastani wa wiki nne, na watu wakaambiwa kwamba jibu likizidi 1.5 mchezaji yuko hatarini. Ikauzwa kama dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2020 Impellizzeri huyohuyo na wenzake waliikosoa vikali, wakionyesha kwamba hesabu yenyewe ina kasoro. Mimi naona ukosoaji huo ulikuwa wa haki. Kuruka ghafla kutoka mzigo mdogo hadi mkubwa ni jambo la kuangaliwa, lakini hakuna tarakimu moja inayokata kesi ya kila mtoto. Tangu mwaka 2015 sheria za mchezo zimeruhusu wachezaji kuvaa vifaa vya kupima mwendo hata ndani ya mechi, na klabu tajiri zinakusanya takwimu ambazo hata kuzisoma zote haziwezi. Hata hivyo klabu hizo hazijaacha kuuliza lile swali la Foster.

Sasa tuje kwetu, msikilizaji. Mtoto wetu ana mizigo ambayo daftari la Italia halikuwa nayo. Anacheza timu ya shule, na Jumamosi timu ya mtaa inamhitaji, na Jumapili kuna kombe la mbunzi au la mfadhili fulani. Kila kocha anajua mazoezi yake tu. Katikati ya hayo mtoto anakwenda shule kwa miguu, anachota maji, au kama ni wa bweni anaamshwa saa kumi na moja kusoma. Mtoto wa umri wa kubaleghe anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Niambieni ni wangapi wanaoupata. Ndiyo maana nasema daftari liwe la mtoto, lisiwe la timu. Aende nalo kokote anakocheza.

Kuna makadirio mawili ambayo mzazi anaweza kuyashika. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2015 uliona kwamba vijana waliofanya mazoezi ya mchezo wao kwa saa nyingi kwa wiki kuliko miaka ya umri wao waliumia zaidi majeraha mabaya ya kuchosha mwili. Mwenye miaka 12 basi asivuke saa 12. Nao madaktari wa watoto wa huko walishauri mwaka 2007 kwamba mtoto apate siku moja au mbili kila wiki bila mchezo wake, na jumla ya miezi miwili au mitatu kwa mwaka.

Kwa wasichana kuna swali la tano, na ni bora liulizwe na mama, shangazi au mwalimu wa kike. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo anaweza kukatikiwa na hedhi. Wengine hufurahi wakiona wameepushwa usumbufu. Si jambo la kufurahia. Ni dalili kwamba mwili umekosa chakula cha kuuendesha, na mifupa ndiyo itakayolipa. Apelekwe kituo cha afya.

Gumu kuliko yote ni ukweli wa jibu. Mtoto akijua kwamba atakayesema 8 ataachwa benchi, kila mtu atasema 4. Ndivyo ningefanya mimi kidato cha pili. Muulize peke yake, si mbele ya wenzake. Usimcheke. Na akikuambia amechoka, kibadilishwe kitu siku hiyohiyo, hata kama ni kumpunguzia mbio tu akabaki kupiga pasi, ili aone kwamba maneno yake yana kazi. Kocha akiuliza wiki tatu bila kubadili chochote, watoto wataanza kujaza tarakimu kama wanaojaza sajili.

Nirudi kwa mzazi tuliyeanza naye. Goti linalouma chini kidogo ya kifuniko chake, kwa mtoto anayekua haraka na anayecheza kila siku, mara nyingi ni lile la Osgood na Schlatter. Punguza mazoezi, weka barafu au maji baridi kwenye kitambaa, na umwache acheze kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu; hupoa mfupa ukikomaa. Lakini kama goti lenyewe limevimba, kama maumivu yanamwamsha usiku, kama ana homa au anakonda, kama hawezi kuukanyagia mguu, usichue na usingoje mashindano yaishe. Mpeleke hospitali. Na mtoto anayezimia au kushikwa na maumivu ya kifua akiwa anakimbia asirudi uwanjani hata dakika moja mpaka daktari amwangalie moyo.

Ule uzito wa asubuhi, mama, usiuite uvivu kwanza. Chukua daftari la kurasa 32, andika tarehe, saa alizolala, uchovu wake, maumivu yake, mawazo yake, dakika alizocheza na tarakimu aliyoitaja. Fanya hivyo wiki tatu, kisha uje nalo kliniki. Ukija nalo, sisi nasi tutakuwa na pa kuanzia.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya maji ya kunywa shuleni. Kwaherini kwa leo.